Walinzi Hawarushi

Holtrop, Iowa
Jumapili, 8 Januari 1995

Mpendwa Renae,

Salamu utazikuta mwishoni, kwanza tuzungumze mambo ya maana. Goti la Kristi Hoversten limeniharibia wiki nzima. Mtangazaji wa mechi yenu ya mpira wa kikapu aliponyamaza pale redioni nilijua tayari, maana watu wale hawanyamazi mpaka mtu ameumia. Babu yako akasema labda redio imekufa. Nikamwambia, Orville, funga mdomo, mtoto wa watu yuko chini.

Mpe pole zangu. Nimemwokea pai ya tufaha. Baba yako ataileta akija huko na gari, kama hataimaliza njiani.

Sasa basi. Kristi ndiye aliyekuwa anafunga karibu nusu ya pointi zenu, na msimu huu harudi tena. Lazima mtu aamke. Nimekaa na kahawa yangu nikawapitia wote kichwani, na maoni yangu unaweza kumpa kocha wako bure. Wa kwanza kuamka ni Tonya Bruns. Msichana mrefu kama mlango wa ghala, lakini anaruka kana kwamba amebeba mayai mfukoni! Nilipokuja kuwaona Novemba, kila mpira ukimfikia alikuwa kama anauomba radhi. Mwambie mpira ni wake, hajauazima kwa mtu. Wa pili ni Shelly Oakes. Mkono anao, tatizo ni mdomo. Filimbi ikilia tu, ana la kumwambia refa. Apunguze maneno, aongeze pointi.

Wewe endelea na kazi yako. Wapo wanaofunga, na wapo wanaohakikisha wengine hawafungi, na mimi na wewe ni hao wa pili. Nililinda nusu yangu ya uwanja miaka yote ya shule na sikuuvuka mstari wa kati hata kwa kidole cha mguu. Nawe umecheza mchezo uleule wa wasichana sita mpaka ulipoondoka hapa. Mlinzi hatafuti makofi.

Babu anakusalimu. Nguruwe wawili wamezaa, theluji imefika kwenye ukingo wa dirisha la jikoni. Kula ushibe.

Bibi yako,
Verla


Chuo cha Lindgrove
15 Januari 1995

Bibi,

Pai imefika, kasoro pande moja. Baba anasema ni barabara mbovu. Barabara gani inayobakisha makombo kwenye ndevu? Kristi aliiona akalia, halafu akaila yote peke yake, mguu juu ya kiti, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Tonya nimemwambia habari ya mayai. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hivi bibi yako ananijua mimi kwa jina?" Sasa anataka barua zako zisomwe kwa sauti kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nimekataa. Shelly angenitoa roho.

Jumamosi tumefungwa. Tonya aliwekewa wasichana wawili, kila akigeuka anakutana na kiwiko. Mimi nilimkaba mfungaji wao mkuu, hakufurukuta, ungefurahi. Tukiwa na mpira mimi sisumbuliwi kabisa. Wananiacha peke yangu huko pembeni, nikitaka naweza hata kuvua kiatu nikatoa kokoto.

Kila kitu kiko sawa. Masomo yako sawa, kocha yuko sawa, chakula kiko sawa. Msalimie Babu.

Mjukuu wako,
Renae


Holtrop
23 Januari 1995

Mpendwa Renae,

Mmefungwa tena, na tena. Jirani yetu Gladys kaja kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Nikamwambia bado tunapumua, ingia unywe kahawa.

Nimewafikiria upya. Tonya ameanza kuamka, namsikia, lakini peke yake hatafika. Shelly ndio kwanza anageuka upande wa pili wa kitanda. Kwa hiyo naongeza jina la tatu, yule mtoto wa mwaka wa kwanza, Missy Rausch. Mtangazaji anasema ana woga wa watu wengi. Mwambie asiwatazame. Wale watu wamekuja kula bisi tu.

Kwako wewe nina fahari mpaka naona aibu kanisani. Unajua mtangazaji anasemaje kila baada ya dakika mbili? "Tjaden yuko wazi! Tjaden yuko wazi kabisa, hakuna mtu karibu yake!" Nikamwambia Babu, unasikia Orville? Hawathubutu kumsogelea. Wanamwogopa! Babu akaendelea kumenya chungwa lake.

Halafu kitu kimoja. Barua yako ina "sawa" nyingi mno. Mtu ambaye mambo yake yako sawa kweli hulalamika kidogo, hata kuhusu supu.

Bibi


Chuo cha Lindgrove, Idara ya Michezo
27 Januari 1995

Mama Tjaden,

Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana vizuri. Tulisalimiana Novemba, ukaniambia viatu vyangu havifai kwa theluji. Ulisema kweli.

Ninaandika kuhusu Renae. Katika wachezaji wote nilionao, sijapata anayelinda kama yeye. Tatizo ni pale mpira unapokuwa wetu. Harushi. Simaanishi kwamba anakosa, mama, simaanishi kwamba mkono wake ni mbaya. Hajaribu kabisa. Timu zote za ligi zimeshajua, kwa hiyo wanamwacha bila mtu na anayemkaba wanampeleka kwa Tonya. Tunacheza wanne dhidi ya watano. Kila mtu uwanjani anapiga kelele kwamba Renae yuko wazi, na yeye anatafuta mtu wa kumpa mpira.

Kristi ametoka, na ninahitaji wa kuziba pengo. Watu wanadhani namsubiri Tonya au Shelly. Ninayemsubiri hasa ni Renae. Nilimwambia hivyo usoni wiki hii, na nikamwambia pia kwamba asipoanza kurusha nitalazimika kumweka benchi na kumwanzisha Missy. Alinijibu, "Kocha, mimi ni mlinzi. Walinzi hawarushi." Nikamuuliza nani kasema. Akasema, "Bibi yangu." Kisha akaniuliza kwa adabu kama anaweza kurudisha jezi.

Sikuipokea. Mimi nimekulia Illinois na huenda kuna jambo sielewi. Wewe atakusikiliza.

Kwa heshima,
Marcia Dulaney


Holtrop
31 Januari 1995

Kocha Dulaney,

Kama umekulia Illinois, si kosa lako. Ngoja nikueleze.

Hapa Iowa wasichana walicheza sita kwa sita. Watatu wanakaa nusu hii kulinda, watatu nusu ile kufunga, na hakuna anayeuvuka mstari wa kati. Unadunda mpira mara mbili tu, kisha unautoa. Mlinzi akiupokonya anaufikisha mstarini, anampa mshambuliaji, kazi imeisha. Picha kwenye gazeti ni ya mshambuliaji. Mlinzi anarudi nyumbani na magoti yaliyochubuka. Tulicheza hivyo mimi, dada zangu, shangazi zake Renae, na Renae mwenyewe mpaka mwaka ule walipoufuta mchezo wetu, akiwa darasa la mwisho. Miji mizima ilifunga maduka ili twende kutazama fainali za jimbo kule Des Moines. Kwa hiyo msichana akikuambia yeye ni mlinzi, hakuonyeshi uvivu. Anakuambia ametoka kwa nani.

Ulimchukua kwa sababu analinda. Analinda. Mwache mtoto alinde, na mwamshe Shelly.

V. Tjaden

Amesema anataka kurudisha jezi? Mimi hakuniambia.


Lindgrove
2 Februari 1995

Bibi,

Kocha ameniambia kwamba alikuandikia. Hakuniambia umejibu nini, alisema tu kwamba sasa anaelewa nimeurithi wapi ubishi. Nimekasirika naye, nimekasirika na wewe, na Tonya ananitazama nikiandika na anaogopa kuniuliza kama nitakula.

Haya, tuseme ukweli. Hakuna kilicho sawa. Yule mtangazaji hakuwa ananisifu, Bibi. "Tjaden yuko wazi" maana yake hawanijali. Maana yake wamekaa kikao wakaamua mimi si wa kulindwa. Mechi iliyopita msichana aliyetakiwa kunikaba alinipungia mkono kutoka upande wa pili, kama tuko sokoni! Watu wakacheka. Tonya anapigwa viwiko kwa ajili yangu na hanisemi hata kwa jicho. Na mpira ukinifikia mikono yangu inakuwa ya mtu mwingine.

Kocha amenipa mpaka mechi ya tarehe kumi na moja. Nisiporusha nakaa benchi, na nikikaa benchi heri nirudi nyumbani nikawalishe nguruwe.

Lakini si hilo linaloniuma. Kila wiki unaniandikia nani aamke. Umemtaja Tonya. Umemtaja Shelly. Umemtaja mpaka Missy, ambaye wiki iliyopita alivaa jezi nyuma mbele. Mimi hujawahi kunitaja. Nilikuwa naisoma kila barua mpaka mwisho nikitafuta jina langu. Bibi, hata wewe hudhani naweza?

Hadithi yako ya Des Moines umenisimulia tangu nina meno ya utoto. Nusu fainali, mko nyuma kwa pointi moja, unampokonya yule msichana mrefu, unafika mstarini, Doreen, mfungaji wenu, amezingirwa huko mbele, hakuna wa kumpa, saa inakwisha mpira ukiwa mikononi mwako. Na kila mara unamalizia, "Na vidole vyangu havikuvuka." Watu wote mezani wanatikisa kichwa. Mimi sijawahi kukuuliza swali hili, sasa nakuuliza. Pale uliposimama na mpira, ulikuwa unatazama nini?

Renae


Holtrop
6 Februari 1995

Renae wangu,

Nilikuwa natazama kikapu.

Nimeandika hiyo sentensi kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Sasa nimerudi.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Babu yako hajui. Doreen alikufa hajui. Wote walidhani namtazama yeye nikimtafutia upenyo. Nilimwona, ndiyo, wasichana watatu wamemganda. Lakini kikapu kilikuwa pale, ng'ambo ya wote, na nakuambia nilikiona vizuri kuliko ninavyoiona karatasi hii. Nilitaka kuvuka. Nilitaka kukimbia mpaka chini yake na kurusha, na wanipigie filimbi watakavyo. Nilikuwa nataka tangu siku ya kwanza niliyovaa viatu vya mchezo, na nilitaka kila siku baada ya hapo. Kocha wetu alitugawa kwa kututazama tu. Wewe huku, wewe kule. Mimi nilikuwa na mabega mapana, nikaambiwa huku. Maisha yangu yote ya uchezaji sikurusha mpira kikapuni hata mazoezini, kwa sababu mlinzi akifanya hivyo anapoteza muda wa timu.

Sasa utanielewa. Mtu akizuiwa kitu, inabidi apate fahari mahali pengine, la sivyo atakauka. Mimi niliipata kwenye ule mstari. Nilimzuia kila aliyeletwa mbele yangu na nikatembea kichwa juu mjini Holtrop mpaka leo. Fahari ile ni ya kweli, usidhani nakudanganya. Ndiyo niliyokupa ulipokuwa mdogo, pale kwenye saruji nje ya ghala. "Simama mbele yangu, Renae. Mikono juu. Usinipishe." Kumbuka, kile kikapu cha ghalani kilikuwa juu ya vichwa vyetu wakati wote, na hatukukigusa. Shomoro wamejenga humo miaka na miaka.

Sikukutaja kwa sababu nilidhani nakuheshimu. Kwa akili yangu kumwambia mlinzi aamke ni tusi, maana mlinzi hakulala kamwe. Kumbe wewe ulikuwa unasoma kwamba sikuhesabu. Nimelia juu ya hilo, na mimi si mtu wa kulia, muulize babu yako.

Na huyo msichana aliyekupungia mkono nitamjua tu, iko siku.

Sasa nikuambie nilichofanya leo asubuhi. Nimevaa koti la babu yako la kulishia nguruwe, nimevaa mabuti, nimetoa koleo nikaondoa theluji kwenye ile saruji. Nimeukuta mpira wako nyuma ya mifuko ya chakula, nikaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Kisha Verla Meester, kwa jina la kwetu kabla sijaolewa, miaka sitini na minane, akarusha kikapuni kwa mara ya kwanza.

Haukufika. Wa pili haukufika pia. Mmoja ulipita juu ya kikapu ukampiga jogoo. Orville akatoka mbio akidhani nimepandwa na kichaa. "Verla! Unafanya nini?" Nikamwambia, "Narusha. Okota mpira." Akaokota. Mwanamume yule akasimama kwenye baridi na kandambili zake, akinirudishia mpira mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Hakuna hata mmoja ulioingia. Ingawa mmoja uligusa chuma, Renae, na chuma kikalia, na nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kwa hiyo haya ndiyo maoni yangu ya wiki hii. Tonya ameamka, mwacheni. Shelly ataamka akiona wengine wameamka. Missy ageuze jezi. Wa kuamka ni Renae Tjaden.

Kukosa hakuui. Nimekosa asubuhi nzima na nimekuja kupika chakula cha mchana.

Bibi yako anayekupenda,
Verla

Nimemwandikia kocha wako kumwomba radhi. Fupi. Asizoee.


Lindgrove
13 Februari 1995

Bibi,

Barua yako ilifika Alhamisi, nikaisoma nimekaa kwenye ngazi. Kisha nikampelekea Tonya nikamwambia soma. Alipofika kwenye jogoo ilibidi apumzike. Akaniambia, "Vaa viatu, twende." Tulikaa ukumbini mpaka mlinzi wa jengo akaja kuzima taa, mimi narusha, yeye ananirudishia, kama Babu tu, isipokuwa yeye hana kandambili.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kuthibitisha, na hukuipata kwenye redio kwa kuwa tulicheza ugenini, kwa hiyo nakusimulia mwenyewe. Mpira wa kwanza nilioupata, nikarusha. Haukugusa chuma, haukugusa ubao, haukugusa hata wavu. Ulimwangukia mtu aliyeshika soda. Ukumbi mzima ukaanza kuimba, "Hewa! Hewa! Hewa!" kila nilipoushika mpira. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Nikamtazama kocha nikijua ananitoa. Alikuwa anapiga makofi! Tonya akapita mbele yangu akasema, "Bado jogoo mmoja." Nikarusha tena. Nikakosa tena, lakini huo ulipiga chuma, nikakusikia.

Halafu likatokea jambo, Bibi. Msichana mmoja alitoka kwa Tonya akaja kusimama mbele yangu. Mikono juu. Kwa mara ya kwanza mwaka huu mtu alinikaba. Nilitaka kumkumbatia. Tonya akabaki na mtu mmoja tu, akafunga mpaka wakachoka kuhesabu, na Shelly alifunga pia na hakumsemesha refa hata mara moja, nadhani alisahau. Tukashinda. Mimi nilipata sifuri kamili, na kocha akanishika mabega akasema huo ndio mchezo bora niliowahi kumchezea.

Kuna kitu kimoja tu bado. Nikiupokonya mpira nikakimbia, nikifika mstari wa kati miguu inapunguza mwendo yenyewe. Siiambii. Inasimama, nami natafuta mtu wa kumpa. Kocha ameona. Anasema hajui dawa yake.

Jumamosi hii ni Garner Valley, hapa nyumbani. Tukishinda tunaingia mashindano ya ligi. Tukishindwa msimu umekwisha. Washa redio.

Renae


Holtrop
Jumapili, 19 Februari 1995

Renae,

Sijui kama nyie huko mmepata hii dhoruba ya barafu. Huku nyaya za umeme ziko chini, simu imekufa, barabara haipitiki, na naandika karibu na jiko la kuni nimejifunga blanketi. Babu yako atampa barua hii dereva wa kwanza wa gari la kufagia theluji atakayeonekana.

Tuliisikiliza mechi tangu mwanzo. Nilisikia ulivyofunga, Renae! Kile kikapu cha kipindi cha kwanza, cha pembeni. Mtangazaji alisema jina lako na hakuongeza "yuko wazi". Babu alipiga meza kahawa ikamwagika kwenye nguo ya meza ya mama yangu, na sikusema kitu.

Kisha mwisho ule. Mko nyuma kwa pointi moja. Mpira ni wao. Nilikuwa nimesimama jikoni nimeshika taulo la vyombo. Na mtangazaji akapiga ukelele, "Tjaden ameupokonya! Tjaden anao, hakuna mtu mbele yake, anaukaribia mstari wa kati..."

Na umeme ukakatika.

Sikupiga kelele. Babu yako alitoka kwenye barafu akawasha redio ya gari, ikalia mchakacho tu, mnara wao nao umeanguka labda. Alirudi ndevu zimeganda akasema, "Verla, nisamehe," utadhani yeye ndiye aliyekata.

Sasa nisikilize. Gazeti likifika litaniambia nani kashinda. Gladys ataniambia, mpende msipende. Mimi nataka kujua jambo moja, na hilo halitaandikwa gazetini. Usinianzie na matokeo. Niambie kama ulivuka.

Bibi


Lindgrove
22 Februari 1995

Bibi yangu,

Nilivuka.

Miguu ilitaka kupunguza, ilianza kabisa, niliisikia kwenye magoti. Nikainua macho ili nimtafute mtu wa kumpa, kama siku zote, na nikafanya kile ulichonifundisha bila kujua. Nikatazama kikapu. Sikuuona mstari ukipita. Nilipokumbuka kuutafuta ulikuwa nyuma yangu.

Nikafika chini yake peke yangu na nikarusha. Ukapiga ubao, ukazunguka chuma, ukazunguka, ukatoka nje.

Ungekuwepo ungefanya nilichofanya. Mpira usio na mwenyewe ukianguka, mlinzi hasubiri. Nilikuwa chini yake kabla ya mtu yeyote, mabega mapana, viwiko nje, sikumpisha mtu. Nikaudaka mwenyewe na nikarusha tena.

Huo ukaingia, na king'ora kikalia, na Tonya akanirukia kwa uzito wake wote, hakuwa na yai hata moja mfukoni. Nimevunjika kucha mbili na nina furaha mpaka nashindwa kula. Kristi alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja huku daktari akimfokea. Hayo ndiyo matokeo, kama Gladys bado hajakuambia.

Mashindano yanaanza Jumamosi ijayo, hapahapa kwetu. Baba amesema barabara ikifunguka atawaleta wewe na Babu. Nimeongea na kocha. Asubuhi, kabla watu hawajaingia, ukumbi utakuwa mtupu, na amenipa ufunguo. Amesema nikuambie pia kwamba amenunua viatu vya theluji.

Kwa hiyo wiki hii maoni natoa mimi. Tonya ameamka, Shelly ameamka, Missy amevaa jezi vizuri. Amebaki mmoja tu wa kuamka, mlinzi, anaitwa Verla Meester. Aje na viatu vya mchezo. Nitampa mpira akiwa nusu yake, nitasimama chini ya kikapu kumrudishia, na hakuna atakayepiga filimbi.

Renae